Kuchagua picha ya kutoa zawadi: somo la neno «ukumbusho» katika Lubumbashi

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kulichunguza: kununua picha ya kutundika ukutani ili kumpa mtu mwingine. Hapa Lubumbashi picha hutolewa kwenye arusi, kwa mhadhiri anayestaafu, kwa padri aliyepata daraja, kwa mgeni anayerudi kwao, kwa mzazi aliyehamia nyumba mpya. Tunapochangishana pesa za kuinunua, maswali ni yale yale: bei gani, ukubwa gani, rangi zitapatana na viti? Ninataka kuonyesha kwamba kabla ya hayo liko swali la lugha. Picha ikishatundikwa husema, husema kila siku, tena husema kwa jina la yule aliyeitoa. Anayechagua picha ya zawadi anachagua usemi utakaobaki nyumbani mwa watu yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Nitaanza na neno «ukumbusho» na umbo lake. Kisha nitapitia aina za picha zinazojulikana mjini mwetu na masimulizi yanayofuatana nazo, nitaangalia maandishi yaliyomo ndani ya picha, na nitatoa mfano mmoja kutoka ukoo wangu. Mwishoni nitapendekeza utaratibu wa kuchagua, pamoja na kazi ambayo idara yetu ingeweza kuifanya.

1. Ukumbusho si kumbukumbu

Mtu akiulizwa kwa nini picha fulani iko sebuleni kwake, jibu la kawaida katika mji wetu ni «ni ukumbusho» au «inanikumbusha». Neno hili halikuwaponyoka watafiti. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, ambao walichapisha mwaka 1976 makala juu ya michoro ya watu wa kawaida katika jimbo lililoitwa Shaba wakati huo, walilifanya kuwa msingi wa maelezo yao. Walisema kwamba wenye picha hawazigawi kwa uzuri wala kwa ufundi. Wanazigawa kwa aina ya kumbukumbu ambayo picha inaiamsha.

Sisi wanaisimu tunaweza kuongeza jambo moja, nalo limo ndani ya umbo la neno lenyewe. Shina ni -kumbuka. Tukilitia katika kauli ya kutendesha tunapata -kumbusha, ambapo k ya mwisho wa mzizi inageuka kuwa sh, kama katika waka na washa, amka na amsha, shuka na shusha, anguka na angusha. Kitenzi -kumbuka kina washiriki wawili, yaani anayekumbuka na kinachokumbukwa. Kitenzi -kumbusha kina washiriki watatu: anayesababisha, anayekumbushwa na jambo lenyewe. «Ninamkumbuka baba» ni habari yangu mimi na baba. «Picha hii inanikumbusha baba» imeleta mhusika wa tatu, na huyo wa tatu ndiye mtenda.

Sasa tutazame nomino mbili. «Kumbukumbu» imeundwa kwa kurudufisha mzizi, bila alama ya kutendesha. Ni ile iliyomo moyoni mwa mwenyewe. «Ukumbusho» ina u- mwanzoni, -o mwishoni, na katikati ina sh ya kutendesha. Umbo la u- na -o tunalijua kutoka kwa ufagio, kitu cha kufagilia, na ufunguo, kitu cha kufungulia. Kwa mfano huo ukumbusho ni chombo, kitu ambacho mtu hutumia kumkumbusha mwingine. Umbo hilo hilo, likiwa katika ngeli nyingine, limetupa makumbusho, nyumba ambayo taifa huweka vyombo vyake vya kukumbushia.

Faida ya uchambuzi huu ni hii. Mtu anayejinunulia picha anajikumbusha mwenyewe anachotaka. Anayemnunulia mwingine anaingiza chombo cha kukumbushia ndani ya kichwa ambacho si chake, wala hajui vizuri kumbukumbu zilizomo humo. Ndiyo maana picha ya zawadi ni ngumu kuchagua kuliko sufuria au kitenge. Sufuria haimkumbushi mpokeaji jambo ambalo mtoaji hakulikusudia, au hufanya hivyo kwa nadra sana.

2. Aina za picha na masimulizi yake

Fabian na mwenzake waligawa picha katika mafungu matatu, ambayo kwa maneno yetu ningeyaita mambo ya bankambo, mambo ya zamani na mambo ya sasa. Mgawanyo huo ni wa miaka ya 1970, wakati wachoraji walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na picha zao, nyingi zikiwa zimechorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Ungali unasaidia leo, mradi tukumbuke kwamba kila fungu lina masimulizi yake, na kwamba ni masimulizi hayo yanayotolewa zawadi.

Katika mambo ya bankambo imo picha ambayo wachoraji huiita kwa neno la Kifaransa «paysage»: nyumba za nyasi, michikichi, mto, mtumbwi, jua linalotua. Wanafunzi wengi huidharau na kusema haina maana. Nadhani haina maana iliyofungwa. Haina tarehe, haina jina la mahali, haina mtu anayetambulika. Mtazamaji ndiye anayeijaza. Kwa lugha ya sarufi, ni sentensi ambayo nafasi ya yambwa imeachwa wazi: inamkumbusha mtu… nini? Atajibu mwenyewe.

Katika mambo ya zamani imo picha inayojulikana kuliko zote, «Colonie Belge». Mfungwa amelazwa chini na kuvuliwa nguo, askari Mwafrika anampiga fimbo, afisa Mbelgiji amesimama anatazama, bendera ya Ubelgiji inapepea, pengine wanawake wanalia pembeni. Humo pia imo Simba Bulaya, yaani simba wa Ulaya, jina walilopewa watu waliosemekana kuwateka Waafrika usiku kwa faida ya wazungu. Michoro ya Patrice Lumumba iko karibu na fungu hili. Kwa mji wetu haikuwa habari ya mbali: aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo, kujitenga kulikoanza Julai 1960 na kuisha Januari 1963. Hata sasa katika nyumba moja uso wa Lumumba ni wa shujaa, na katika nyumba ya jirani kuna mzee anayenyamaza anapouona. Mchoro ni ule ule, lakini tendo la usemi limebadilika kwa sababu msikilizaji amebadilika.

Katika mambo ya sasa imo picha ya kiwanda: bomba refu la moshi la Lubumbashi na kilima cheusi cha masalio ya shaba. Anayetaka kumpa zawadi baba aliyefanya kazi migodini huikimbilia picha hii haraka. Afikirie kwanza. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines; kwa miaka mingi bomba hilo lilimaanisha mshahara, unga, shule na hospitali. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kwa mzee mmoja bomba lile linasema «nilijenga mji huu». Kwa mwenzake aliyekaa naye dawati moja linasema «hivi ndivyo nilivyomaliza». Rangi za picha hazitakuambia mpokeaji wako ni yupi kati ya hao wawili.

Humo humo katika mambo ya sasa imo Mamba Muntu, mwanamke mwenye nywele ndefu ambaye chini ya kiuno ni samaki, mara nyingi akiwa na nyoka, na pengine na saa mkononi. Jina lenyewe linastahili kusimama nalo kidogo. Ni nomino mbili zilizounganishwa bila kiunganishi, mamba na muntu, na sehemu ya pili imehifadhi u ambayo Kiswahili sanifu kimeiangusha katika mtu. Anayesoma jina angetegemea kuona mamba, lakini katika picha anaona samaki. Jina halielezi umbo, linaita hadithi. Nayo hadithi ni ya mtu anayekutana na kiumbe huyo majini, anapewa mali nyingi, na kwa malipo anafungwa na siri, au anadaiwa kitu ambacho hakuna mtu angependa kukitoa.

Mpe sasa mfanyabiashara kijana picha hiyo siku ya kufungua duka lake. Mtoaji anaweza kuwa amekusudia baraka: upate mali. Anayeketi sebuleni anaweza kusikia swali: mali hii imetoka wapi? Na katika nyumba za makanisa mengi ya leo Mamba Muntu huhesabiwa kuwa pepo, kwa hiyo picha haitakaa ukutani hata wiki moja. Sisemi kwamba ni picha mbaya. Ninaipenda kuliko nyingine zote, na ninaamini inasema ukweli mwingi juu ya pesa mjini mwetu. Lakini mtu akiitaka ajinunulie mwenyewe.

Nje ya mafungu haya kuna vitu viwili vinavyouzwa sana kama zawadi. Cha kwanza ni michoro ya wanyama, ndege na samaki inayofuata njia ya «Hangar», karakana ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliianzisha Elisabethville mwaka 1946, na ambamo walitokea Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Bela alichora kwa vidole. Mwenze alijaza picha kwa mistari mifupi. Michoro ya namna hii huwafaa wageni, kwa sababu haimdai mtazamaji historia yetu. Cha pili ni sahani au ubao wa shaba iliyofuliwa, hasa yenye umbo la ule msalaba wa shaba ambao Wafaransa huuita «croisette». Hapa neno letu linatudanganya. «Msalaba» humfanya Mkristo afikirie Kristo, kumbe vipande hivi vya shaba vilitumika kama pesa na kuzikwa pamoja na wafu zamani sana kabla ya misheni. Halafu misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960. Kwa hiyo kitu kimoja cha ukutani kinaweza kusomwa kwa namna tatu: dini, urithi wa wafua shaba, au msimamo wa kisiasa. Mtoaji anajua alikusudia ipi, ila mgeni anayeingia sebuleni hajui.

3. Maandishi ndani ya picha

Michoro yetu mingi ina maneno yaliyoandikwa juu au chini, na mara nyingi ni ya Kifaransa. Mfano mkubwa ni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, ambaye alikuwa akifundisha katika kampasi ya Lubumbashi, historia nzima ya nchi kwa michoro ipatayo mia moja. Maandishi aliyoyatia ndani ya michoro ni ya Kifaransa. Mazungumzo ambamo aliieleza, moja baada ya nyingine, ni ya Kiswahili cha hapa kwetu. Fabian aliyachapisha kwa tafsiri mwaka 1996, na michoro yenyewe sasa iko Amsterdam.

Mgawanyo huo wa lugha unatufundisha jambo kuhusu zawadi. Kifaransa kilichoandikwa ni kama jina la faili: kinatambulisha, kinatia muhuri, kinaipa picha heshima ya shule na ofisi. Kiswahili kinachosemwa ndicho kinachobeba masimulizi. Picha ikitoka mkononi mwa mchoraji huondoka na Kifaransa chake tu. Kiswahili kinabaki kwa mchoraji mpaka mtu akichukue. Ukimnunulia mtu picha bila kuuliza masimulizi yake umenunua nusu, na nusu hiyo ndiyo utakayotoa.

Maandishi pia hufunga maana. Michoro mingi ya «Colonie Belge» ina tarehe 1885-1959. Kitabuni Kongo ya Ubelgiji ilianza mwaka 1908, ilipochukuliwa kutoka kwa Mfalme Leopold wa Pili, na iliisha tarehe 30 Juni 1960. Wachoraji hawakufuata kitabu. Wameunganisha Dola Huru ya Leopold, iliyotangazwa 1885, na utawala wa Ubelgiji kuwa kitu kimoja, kwa kuwa aliyepigwa fimbo hakuona tofauti. Nao wamefunga hesabu katika mwaka wa ghasia za Léopoldville, Januari 1959, wakati watu walipoacha kuogopa. Huo ni ufafanuzi wangu, lakini mtu akiutoa mchoro huo kwa profesa wa historia ajiandae kuueleza, kwa sababu tarehe hizo zitakuwa ndizo jambo la kwanza profesa atakalouliza.

4. Washiriki wanne

J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alitufundisha kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo la usemi hufaulu au hushindwa kwa kutegemea nani anasema, wapi na mbele ya nani. Katika picha ya zawadi ninahesabu washiriki wanne.

Wa kwanza ni mchoraji, aliyetunga usemi. Wa pili ni mtoaji, anayeuchukua na kuufanya wake. Akishaukabidhi, hakuna atakayesema «mchoraji amesema», watu watasema «wale wakwe wametuletea hii». Wa tatu ni mpokeaji. Wa nne husahauliwa mara nyingi, naye ni mgeni wa sebuleni: jirani, mchungaji, mkopeshaji, mtoto anayefanya kazi za shule chini ya picha ile kwa miaka kumi. Mpokeaji atalazimika kumweleza huyo wa nne kwa nini picha iko pale. Ukimpa mtu picha, unampa pia kazi ya kuisimulia. Kama masimulizi yake yanamwaibisha, yanamchongea au yanamuumiza, umempa mzigo, na adabu haimruhusu kuurudisha.

5. Mfano: zawadi ya wakwe

Yaya wangu aliolewa katika ukoo uliotoka Kasai. Wakwe hao waliishi Likasi mpaka miaka ya 1992 na 1993, wakati familia nyingi zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa katika jimbo letu na kukaa majuma na miezi kwenye kituo cha gari-moshi zikingojea safari. Baadaye walirudi, wakajenga Lubumbashi. Sisi ni watu wa hapa hapa. Baba ni mstaafu wa migodi. Ilipofika siku ya kuwatembelea wakwe baada ya arusi, tuliamua kupeleka picha, nami nikatumwa kuitafuta kwa kuwa, walisema, mimi ndiye ninayesomea maneno.

Kaka yangu alitaka ubao wa shaba wenye «croisette», kwa hoja kwamba ni alama ya kwetu. Hoja ilikuwa sahihi na ndiyo iliyonifanya nikatae. Kupeleka alama ya kwetu, iliyowahi kukaa kwenye bendera ya Katanga, kwa watu waliowahi kuambiwa kwamba hapa si kwao ni kusema jambo ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyekusudia kulisema. Shangazi alipendekeza «Colonie Belge». Fimbo zile zilipiga mababu wa pande zote mbili, alisema, kwa hiyo zitatuunganisha. Wazo lilikuwa na nguvu. Lakini katika mchoro ule anayeshika fimbo ni Mwafrika, na sikutaka mtu yeyote mezani ajiulize askari yule alitoka kabila gani.

Kwa mchoraji niliona picha nzuri kuliko zote nilizoziona siku hiyo: kituo, gari-moshi refu, watu wengi wenye mizigo kichwani, mama amembeba mtoto mgongoni, anga ya rangi ya chungwa. Nilimwomba anisimulie. Akaniambia, «Mwanangu, hawa ni watu wanakwenda safari.» Nilimwamini kabisa. Kwake ilikuwa safari. Kwa mama mkwe wa yaya, kituo na mizigo na umati wa watu visingekuwa safari hata kama rangi zingekuwa nzuri mara mbili. Hapo ndipo nilipoelewa kwa vitendo kwamba neno la mchoraji ni mwanzo tu. Sauti itakayosikika ukutani ni ya kumbukumbu ya anayetazama.

Nikachagua «paysage», mto na michikichi na mtumbwi mmoja, na nikamwomba mchoraji asiandike chochote chini yake, ila jina lake tu pembeni. Kaka alilalamika kwamba ni picha ambayo kila mtu anayo. Tuliifunga katika kitenge. Baba aliikabidhi kwa maneno machache, ninayoyaandika hapa kwa Kiswahili sanifu: «Wakwe zetu, tumewaletea mto. Jina lake mtatuambia ninyi.»

Mama mkwe aliitazama kwa muda. Akasema ni Lulua, na pale penye mtumbwi ndipo alipokuwa akiteka maji na bibi yake. Shemeji yake mkubwa akamkatiza: huo si Lulua, ni Lubilanji, angalia upana wake. Wakabishana kwa furaha mpaka chakula kikapoa, na watoto waliozaliwa Lubumbashi wakasikia majina ya vijiji ambayo, kwa ushahidi wa yaya wangu, hawakuwa wameyasikia kabla. Sina hakika kama mchoraji amewahi kuvuka mpaka wa Kasai. Haikuhitajika. Sisi tuliacha nafasi ya yambwa wazi, na wenye nyumba wakaijaza kwa maneno yao.

6. Utaratibu ninaoupendekeza

Kutokana na hayo, ningemshauri anayechagua afuate mpangilio huu, na pesa ziwe za mwisho.

Kwanza, mwombe mchoraji au muuzaji akusimulie picha, umsikilize mpaka mwisho. Akikosa masimulizi, muulize wengine wanaoinunua husema inawakumbusha nini.

Pili, isimulie mwenyewe kwa sauti, katika lugha inayozungumzwa nyumbani kwa mpokeaji, ukijifikiria umesimama mbele yake na mbele ya watu wake. Kama kuna sentensi ambayo ulimi wako unaikwepa, iache picha hiyo. Ulimi umetambua jambo kabla ya akili.

Tatu, uliza juu ya mpokeaji maswali mawili: alikuwa wapi mwaka ule ambao picha inautaja, na nani huketi sebuleni kwake? Jibu la swali la kwanza litaondoa baadhi ya picha za zamani. La pili litaondoa baadhi ya picha za sasa.

Nne, soma maandishi. Amua kama unataka maana iliyofungwa au iliyo wazi. Kwa rafiki unayemjua hadi ndani, picha iliyofungwa, yenye jina na tarehe, inaweza kuwa zawadi kubwa, kwa maana inamwambia: ninajua unachokikumbuka. Kwa mtu ambaye bado mnajuana, acha nafasi wazi.

Tano, ikabidhi kwa maneno. Zawadi iliyowekwa mezani kimya huachiwa ukuta useme peke yake. Sentensi mbili zinatosha, lakini zisemwe, kwa sababu ndizo mpokeaji atakazozirudia kila mgeni akiuliza.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kiambishi kimoja cha kutendesha, kilichojificha katika neno tunalolitumia kila siku, kinaeleza kwa nini picha ya zawadi hupendwa katika nyumba moja na kugeuzwa uso ukutani katika nyingine. Ukumbusho ni chombo, na chombo hufanya kazi juu ya kumbukumbu ya yule aliyekipokea. Kipimo cha kuchagua basi ni hiki: usitoe picha ambayo huwezi kuisimulia mbele ya wale watakaoketi chini yake.

Kuna jambo la mwisho linalohusu kazi yetu. Picha nyingi za miaka ya 1970 zilizokuwa katika sebule za Katuba, Kenya na Kamalondo zimechakaa, zimeuzwa au zimefunikwa na kalenda na runinga. Wazee waliozinunua bado wapo wachache, na masimulizi yao ni ya Kiswahili cha mji huu jinsi kilivyosemwa na wafanyakazi wenyewe. Tshibumba alipata mtu wa kumrekodi. Wanunuzi wengi hawakumpata. Ninapendekeza kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu aende katika nyumba moja anayoijua, atafute picha moja ya zamani, na arekodi jibu la swali moja tu: «Hii inawakumbusha nini?» Ayaandike maneno kama yalivyosemwa, bila kuyasanifisha, na aulize pia nani aliitoa picha hiyo na alisema nini siku ya kuikabidhi. Tukipata rekodi thelathini tu, tutakuwa na matini za kuchambua kauli ya kutendesha kwa miaka kadhaa, na watoto wa nyumba hizo watajua kwa nini ule mto uko ukutani kwao.